Usichune Buzi, Mchune Mbuzi: Pasaka Bila Kuchacha

Kwaresima inayoyoma, na ukikatiza Soko la Mandela hapa Sumbawanga unaona kabisa kuna kitu kinakuja. Wauza mchele wameanza kuongea kwa maringo. Muuza kuku anakutajia bei halafu anatazama pembeni, kana kwamba si yeye aliyesema. Na sisi vijana wa kupanga tunatembea mikono mifukoni. Watu wanadhani ni baridi ya Ufipa, kumbe tunahakikisha kilichomo bado kimo!

Pasaka kwetu si ya mchezo. White Fathers waliingia Karema, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baada ya hapo Ukatoliki ukapanda mlima ukatulia Ufipa nzima. Huku ukimuuliza mtu kama atasherehekea Pasaka anakushangaa, utadhani umemuuliza kama kesho atapumua. Ndiyo maana hata kijana wa chumba kimoja, mwenye jiko moja la mkaa na sufuria mbili, anajiona lazima apike pilau la kualika watu. Jumapili anatamba. Jumatatu anamalizia kiporo. Jumatano anazunguka nyuma ya nyumba za watu ili asipite mbele ya duka anakodaiwa.

Wapo dada zangu wenye njia yao ya mkato. Ikikaribia sikukuu wanatafuta buzi la kulichuna: lilete kuku, lilete mchele, lilete na kreti ya soda. Kila mtu na maisha yake, mimi si padri. Ila mjini hapa hakuna pilau la bure, na bili ya buzi haiji siku ya Pasaka. Inakuja baadaye, usiku, na haina punguzo. Na ninyi kaka zangu msicheke sana. Ni nani yule aliyekopa ili demu amwone wa kishua, halafu mwezi mzima akalala na chai ya rangi?

Leo tuambizane ukweli. Vitu kupanda bei ni kweli vinapanda, lakini siyo hivyo peke yake vinavyotumaliza. Kinachotumaliza ni kwamba kila mtu ananunua peke yake, ananunua kachelewa, na ananunua kana kwamba analisha harusi. Ukiyarekebisha hayo matatu, Pasaka inapita na unabaki na heshima yako mtaani.

Kwanza tuijue sikukuu yenyewe. Krismasi ina adabu, kila mwaka ni 25 Desemba. Pasaka ni msela, haina tarehe maalumu. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu, ule wa kuanzia 21 Machi. Kwa hiyo inaweza kuwahi mpaka 22 Machi au kuchelewa mpaka 25 Aprili. Ya 2024 iliangukia 31 Machi, ya 2025 ikawa 20 Aprili, ya 2026 ni 5 Aprili, ya 2027 ni 28 Machi. Unaona mchezo? Ikiangukia mwisho wa mwezi inakukuta na mshiko mbichi. Ikiangukia tarehe 20 inakukuta umechacha kabisa, unahesabu siku. Kwa hiyo mtu mjanja akinunua kalenda mpya kitu cha kwanza anatafuta Pasaka iko wapi, halafu anarudi nyuma kuhesabu mishahara.

Lakini iangukie tarehe yoyote, kwetu inakuta jambo moja: mavuno bado. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Wakati wa Pasaka mahindi ya Ufipa yako shambani, na mpunga wa Bonde la Ziwa Rukwa, kule Muze na Mtowisa, bado haujaingia gunia. Mchele unaouona sokoni ni wa mwaka uliopita. Kuna mtu aliununua kwa bei ya mavuno, akaufungia stoo, akakaa kimya miezi yote hiyo. Alikuwa anakusubiri wewe na Pasaka yako!

Dawa yake ni kumwahi. Mavuno yakishaingia, kama Julai hivi, nunueni debe mbili tatu za mpunga mkiwa wengi. Nunueni mpunga, siyo mchele, kwa sababu ukiwa na maganda yake unakaa vizuri, na ukishakobolewa wadudu wanaufuata upesi. Mnakoboa wiki ya sikukuu. Hiyo ni akili ya mwaka ujao. Ya mwaka huu tumuulize Musa.

Ndiyo, Musa! Fungua Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Hiyo ndiyo Pasaka ya kwanza, usiku ule wana wa Israeli walipotoka Misri. Wengi tunakumbuka damu kwenye miimo ya milango. Mimi naomba usome tena ukiwa umeshika kikapu. Mnyama alichukuliwa siku ya kumi ya mwezi na kuchinjwa siku ya 14, yaani alikuwa nyumbani siku nne kabla. Aliruhusiwa kuwa wa kondoo au wa mbuzi. Kama watu wa nyumba ni wachache kwa mnyama mzima, waliagizwa wajiunge na jirani wa karibu. Hesabu ilifuata idadi ya walaji na kiasi anachokula kila mmoja. Na kisibaki kitu mpaka asubuhi.

Wahi kununua, ungana na jirani, hesabu midomo, usibakize. Sasa niambie, hapo kuna bwana fedha gani wa kumfundisha Musa?

Na Pasaka hiyo ya Kiyahudi bado ipo, tena si mbali. Kule Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Mkate wa Pasaka ya Kiyahudi ni unga na maji tu, bila chachu, na mapokeo yao yanataka zisizidi dakika 18 tangu maji yaguse unga mpaka mkate uingie motoni na kuiva. Hakuna siagi, hakuna sukari, hakuna keki ya ghorofa tatu. Sikukuu kubwa, mkate wa bei ya chini. Sisi Ufipa ngano tunailima wenyewe, halafu tunakwenda kupanga foleni ya keki.

Nikupe mfano wa nyumba ninayopanga, huku Kizwite. Vyumba vitano, wapangaji watano: mimi, fundi cherehani, binti wa saluni, kijana wa deiwaka anayebeba zege kwenye mijengo, na mzee mmoja muuza dagaa ambaye ni Mwislamu. Wiki mbili kabla ya Pasaka ya 2024 fundi cherehani alituita uani akasema tuchange tununue mbuzi mmoja.

Usidhani tulipiga makofi. Binti wa saluni aliuliza palepale, hela atashika nani? Maana hela ya kuchanga ina miguu, wewe unaijua. Tukatazamana. Mwishoni tukamchagua yule mzee, kwa sababu ilikuwa mwezi wa Ramadhani na yeye amefunga. Binti akasema, "Huyu hata akitamani mchana hawezi kula, si pesa wala nyama." Mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Ngumu ikaja kwa kijana wa deiwaka. Mvua zilikuwa zimesimamisha kazi, hana hata mia. Akasema, "Jamani mimi mnitoe," akaingia chumbani kwake akarudishia mlango. Uani pakawa kimya. Unajua aibu ya kijana anayesikia wenzake wanapanga kula na yeye hayumo? Hiyo haina dawa dukani.

Mzee ndiye aliyeinuka akabisha hodi. "Mwanangu, mbuzi anajileta mwenyewe? Anajichuna? Utumbo unajiosha?" Kijana akajibu toka ndani, "Hapana, mzee wangu." "Basi fungu lako ni hilo. Kesho tunakwenda wote kutafuta mbuzi." Yakaisha hapo, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu ukweli ni kwamba kati yetu hakuna mwingine aliyejua kuchuna.

Jumanne ya Wiki Kuu walitoka mapema, wakaenda nje ya mji kwa wafugaji, wakapatana kwa utulivu. Muuzaji hakuwa na foleni, kwa hiyo hakuwa na kiburi. Alhamisi Kuu mbuzi wa saizi ile ile alikuwa anatajwa kwa bei nyingine kabisa, na mnunuzi akisita anasukumwa pembeni, kuna wengine nyuma yake. Wa kwetu kafungwa chini ya mparachichi, keshamaliza mchicha wote wa mama mwenye nyumba. Tuliulipa ule mchicha, nao uingie kwenye hesabu!

Jumamosi mzee alichinja, kijana akachuna. Bwana mifugo akapita kumkagua, na hili usiliruke hata kama mna haraka. Kwa kawaida mbuzi wa kilo 25 akiwa mzima anatoa nyama na mifupa kilo 11 au 12 hivi, chini kidogo ya nusu. Wa kwetu alitoa kama kilo 11. Tukagawa mafungu sita, kila fungu kilo moja na robo tatu na ziada kidogo. Kichwa, miguu na utumbo tukaviweka kwa supu ya Jumatatu.

Utasema vyumba vitano, mafungu sita, hesabu gani hiyo? Fungu la sita lilikwenda kwa bibi mmoja wa nyumba ya pili, anayeishi na mjukuu wake. Na hapa tusidanganyane, ndugu yangu. Kile unachojinyima Kwaresima, Kanisa linafundisha ni cha maskini. Ukifunga siku 40 halafu ukakusanya yote ukajilisha mwenyewe, hujafunga. Umehamisha chakula tu, kimetoka Machi kimekwenda Aprili.

Jumapili tukala mchana, ila mzee fungu lake lilimsubiri futari. Jioni tukakaa naye uani tukala mara ya pili, kwa kisingizio cha kumsindikiza. Tarehe 10 Aprili ikawa Idd yake, tukachanga tena, safari hii kuku na mchele. Sikukuu mbili kwa siku kumi, na nyumba nzima hakuna aliyekwenda kukopa.

Sasa tufanye hesabu ambayo hata wewe unaiweza. Kwaresima ina siku 40 ukitoa Jumapili. Weka shilingi 500 kila siku, bei ya kitu kidogo unachokinunua bila hata kukikumbuka. Siku 40 ni 20,000. Mkiwa vyumba vitano ni 100,000. Bei ya mbuzi utapatana mwenyewe, lakini ukienda na pesa hiyo mkononi siku ya Jumanne, muuzaji atakuongelesha kwa heshima. Wekeni kwenye simu ya mtu mmoja mnayemwamini, au kwenye kibubu cha udongo kisicho na mlango. Cha udongo ni kizuri zaidi, maana kukivunja ni lazima mtu asikie!

Tukija kwenye kikapu chenyewe, nina machache.

Samaki. Ijumaa Kuu Wakatoliki hawali nyama, kwa hiyo mji mzima unakimbilia samaki siku moja. Dagaa wakavu na migebuka ya Ziwa Tanganyika kutoka Kasanga na Kirando nunua wiki moja kabla. Dagaa hawaozi kwa wiki, ila bei ya Alhamisi Kuu inanuka.

Mchele. Kopo la kupimia litazame chini kabla hujalipa. Kuna makopo yamebonyezwa kitako mpaka yanakaribia kuwa sahani, na kuna wenye ufundi wa kuweka kidole ndani. Kama kuna mizani, pima kwa kilo. Na mkichanga mkachukua debe zima mkagawana nyumbani, yule wa kopo anabaki na kidole chake.

Viungo. Bizari nzima, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Pilau la watu sita linataka vijiko, siyo pakiti tano za kila kiungo. Nunueni pakiti moja moja, kila chumba kichukue kijiko chake. Na vitwange mwenyewe. Unga wa viungo uliosagwa zamani hauna harufu, unajaza mifuko tu.

Mkaa. Majiko matano yakiwaka kwa ajili ya sufuria tano za pilau, huo ni moshi wa ufahari. Sufuria moja kubwa la kuazima, jiko moja, mpishi mmoja anayejua. Wa kwetu alikuwa fundi cherehani. Tuliobaki tulikatakata vitunguu tukalia machozi yetu bure.

Vinywaji. Kreti ni chupa 24, mkigawana vyumba vitano kila kimoja kinapata karibu tano, mnarudisha chupa na kreti mambo yanaisha. Na kama mna mtu wa kijijini, togwa la ulezi linashibisha kuliko soda, tena halikudai chupa.

Maandazi. Ngano ya hapa hapa, mafuta ya alizeti ya hapa hapa, mkono wako mwenyewe. Mtoto hatakuuliza limetoka duka gani.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Haya ya mjini tunaweza kucheka, lakini kijijini Pasaka inakula watu vibaya zaidi. Machi na Aprili ndiyo miezi ambayo ghala la mzazi limebaki vumbi. Watoto wanataka nguo na wali kama wenzao. Hapo ndipo anapopita mtu mwenye pesa taslimu, mpole, msalimiaji mzuri: chukua hizi, ukivuna utanipa gunia.

Piga hesabu ya mfano. Tuseme mama kachukua 30,000 kwa ajili ya sikukuu. Julai anatoa gunia ambalo siku hiyo lingeuzwa 50,000. Kwa miezi mitatu minne kalipa 20,000 juu. Haijaishia hapo. Lile gunia lililoondoka ndilo ambalo lingemvusha Februari inayofuata, na likikosekana, Machi anampokea mgeni yule yule mpole. Wali wa siku moja unazaa njaa ya mwaka mzima, na mwaka unaofuata inakuwa hivyo hivyo. Wengi wetu tuliokuja mjini tumeliona hili kwa wajomba na shangazi zetu.

Kwa hiyo kabla hujamnunulia mtu soda, tuma nyumbani. Tena usitume Jumamosi Kuu usiku, tuma kabla ya Jumapili ya Matawi, wiki nzima mbele, maana mwenye pesa za gunia hasubiri Pasaka ifike. Tuma na ya kutolea. Kama kuna mtu anapanda gari la Laela, Matai au Namanyere, mpe sukari, mafuta, chumvi na sabuni, vile ambavyo shamba halivitoi. Kisha piga simu useme wazi, "Mama, shikamoo. Nimetuma kidogo. Tafadhali usiweke gunia rehani." Atajidai hajui unaongea nini. Anajua!

Kama nyie vyumbani mmechanga mbuzi, hela hiyo ya nyumbani inapatikana. Kama kila mtu kajinunulia kuku wake na pakiti zake tano za bizari, haipatikani. Ndiyo maana nasema mbuzi wa kuchanga hapunguzi Pasaka, anaifikisha mpaka kijijini.

Basi jioni hii toka chumbani, bisha hodi kwa jirani yako. Anza na yule aliyerudishia mlango. Mwulize kama anajua kuchuna.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Pasaka njema, na mchicha wa mama mwenye nyumba muuwekee uzio.